Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: Idadi ya wanaolazwa inatuambia nini, na inatuficha nini?

KATIKA mataifa yaliyostawi kiviwanda, hospitali zimekuwa zikipokea wagonjwa wengi zaidi ambao mioyo yao hupiga bila mpangilio. Nchini Marekani, watu wa umri wa miaka 35 na zaidi waliolazwa hasa kwa sababu ya aina kuu ya tatizo hilo walihesabiwa kuwa 154,086 mnamo 1985. Kufikia 1999, hesabu hiyo ilikuwa imepanda hadi 376,487. Nchini Australia, visa vya kulazwa kwa sababu iyo hiyo viliongezeka kwa asilimia 203 kati ya 1993 na 2007, yaani vilikuwa mara tatu ya vile vya awali. Katika kipindi hicho hicho, visa vya mshtuko wa moyo viliongezeka kwa asilimia 79, na vya moyo kushindwa kufanya kazi kwa asilimia 71.

Msomaji akizipitia takwimu kama hizi kwa haraka, huenda akafikia hitimisho mbili. Ya kwanza ni kwamba maradhi haya yameenea kwa kasi ya kutisha huko ng'ambo. Ya pili ni kwamba Kenya, ambako wagonjwa wa aina hii huonekana wachache katika daftari za hospitali, imenusurika.

Hitimisho la kwanza ni nusu tu ya ukweli. Lile la pili ni kosa, tena kosa linaloweza kugharimu maisha. Ili kufahamu ni kwa nini, yafaa kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, kisha tuchunguze jinsi wagonjwa wanavyohesabiwa.

Ngoma iliyopotewa na mahadhi

Moyo wa binadamu una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Ndani ya ukuta wa chumba cha juu cha kulia mna kijisehemu kidogo kinachozalisha umeme hafifu. Umeme huo ndio unaouamrisha moyo kupiga. Mtu mzima anapokuwa ametulia, amri hiyo hutolewa kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, kwa mfuatano ulio sawa, mithili ya mpiga ngoma stadi asiyepotewa na mahadhi.

Kuna hitilafu za namna nyingi zinazoweza kuuvuruga mfuatano huo. Baadhi yazo hazina madhara, kama vile pigo moja la ziada ambalo mtu huhisi kifuani kisha likapita. Hitilafu inayowapeleka watu wengi zaidi hospitalini ni ile ambayo wataalamu huiita fibrilesheni ya atria. Katika makala haya tutaiita mpapatiko wa moyo, kwa kuwa ndivyo hasa hali ilivyo: vyumba vya juu, badala ya kujikunja kwa pamoja na kuisukuma damu chini, hupapatika zaidi ya mara 300 kwa dakika kama mbawa za ndege aliyenaswa. Vyumba vya chini hupokea sehemu tu ya amri hizo, na kwa hivyo hupiga mara mbio, mara polepole, pasi na utaratibu wowote.

Mgonjwa anaweza kuhisi moyo ukimwenda mbio, akaishiwa na pumzi anapopanda ngazi, akasikia kizunguzungu au akachoka bila sababu. Wapo pia wengi wasiohisi lolote. Hapo ndipo hatari ilipo. Damu isiposukumwa ipasavyo kutoka vyumba vya juu hutuama, hasa katika kijifuko kidogo kilichoko upande wa kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka, hubebwa na mkondo wa damu hadi kwenye ubongo, likaziba mshipa na kusababisha kiharusi.

Uchunguzi mashuhuri ulioanza mwaka wa 1948 katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulionyesha kwamba mtu mwenye mpapatiko wa moyo anakabiliwa na hatari ya kiharusi ambayo ni takriban mara tano ya ile ya mtu asiye nao. Isitoshe, kiharusi cha namna hii kwa kawaida huwa kikali. Hivyo basi, si ajabu mtu kupooza upande mmoja na kupoteza uwezo wa kusema kabla ya kujua kuwa moyo wake ulikuwa na kasoro.

Mbona idadi ikapanda?

Sababu ya kwanza ni umri. Utafiti uliofanywa jimboni California na kuchapishwa mwaka wa 2001 ulibaini kwamba miongoni mwa watu wasiofikisha miaka 55, aliyekuwa na mpapatiko wa moyo ni mmoja hivi kwa kila watu 1,000. Miongoni mwa waliotimiza miaka 80 na zaidi, walikuwa takriban 9 kwa kila 100. Taifa ambalo watu wake wanaishi hadi uzeeni halina budi kuwa na wagonjwa wengi wa aina hii, hata kama hakuna jambo jingine lililobadilika.

Sababu ya pili inatokana na ufanisi wa tiba yenyewe. Watu ambao zamani wangefariki kutokana na mshtuko wa moyo sasa huokolewa. Hata hivyo, hurudi nyumbani na moyo wenye kovu, na moyo wa namna hiyo ni rahisi kupoteza mpangilio wa mapigo miaka kadhaa baadaye. Mauti yanapoahirishwa, maradhi mengine hupata nafasi.

Sababu ya tatu ni maisha yenyewe. Shinikizo la damu, unene wa kupindukia, ugonjwa wa kisukari, kukatika pumzi usingizini na unywaji pombe huchangia yote. Mnamo 1978, madaktari wa jimbo la New Jersey nchini Marekani walieleza kuhusu watu waliofikishwa hospitalini na mapigo yaliyovurugika baada ya kulewa chakari wikendi au wakati wa sherehe, ilhali hawakuwa wagonjwa wa moyo kabla ya hapo. Tangu wakati huo hali hiyo imekuwa ikijulikana kama moyo wa sikukuu. Anayedhani kwamba glasi za Desemba humdhuru ini pekee hana budi kulitafakari hilo.

Sababu hizi tatu zinahusu ugonjwa halisi. Zifuatazo zinahusu jicho linalouona na mkono unaouandika.

Mpapatiko wa moyo hauwezi kuthibitishwa pasipo kuurekodi umeme wa moyo. Mashine ya kufanya hivyo, ambayo wengi wetu huijua kwa jina ECG, ilitokana na kazi ya Mholanzi Willem Einthoven mwanzoni mwa karne iliyopita, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Kadiri mashine hizo zilivyoenea, ndivyo wagonjwa walivyozidi kugunduliwa. Tangu 2018, hata saa za mkononi zenye uwezo wa kurekodi umeme wa moyo zimeidhinishwa nchini Marekani.

Watafiti wa Framingham waliziangalia takwimu zao za miaka 50, kuanzia 1958 hadi 2007, na wakakuta jambo la kuzingatiwa. Walipohesabu visa vipya vilivyojulikana kwa njia zote, zikiwemo rekodi za hospitali, idadi ilikuwa imepanda. Lakini walipohesabu vile tu vilivyonaswa na vipimo vya ECG ambavyo wao wenyewe waliwafanyia washiriki kila baada ya muda maalumu, kiwango cha visa vipya hakikuwa kimebadilika sana. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na kutafuta kwa bidii zaidi. Matunda ya kutafuta huko yalionekana: katika miaka hiyo 50, viharusi miongoni mwa waliopatikana na ugonjwa vilipungua kwa asilimia 74, na vifo kwa asilimia 25.

Pia matibabu yalibadilika. Mwaka wa 1998, Daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa mji wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba umeme potovu unaouanzisha mpapatiko mara nyingi hutoka katika mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Kutokana na ugunduzi huo, madaktari walianza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni na kuziunguza sehemu hizo. Mgonjwa ambaye zamani angepewa tembe na kwenda zake sasa analazwa ili afanyiwe upasuaji huo mdogo. Kulazwa kwake kunaingia kwenye hesabu, ingawa hakuja kwa kuzidiwa.

Mwisho, kuna suala la uandishi. Hospitali huandika ugonjwa mkuu uliomfanya mtu alazwe, na kando yake huorodhesha magonjwa mengine aliyo nayo. Takwimu za Marekani tulizozitaja mwanzoni zinahusu ugonjwa mkuu pekee. Ukiwajumlisha wote ambao mpapatiko wa moyo ulitajwa popote katika rekodi zao, idadi haikutoka 154,086 hadi 376,487, bali ilitoka 787,750 hadi 2,283,673. Ugonjwa ni ule ule, nchi ni ile ile na miaka ni ile ile, lakini picha ni tofauti kabisa. Aidha, mtu mmoja akilazwa mara tatu kwa mwaka, huhesabiwa mara tatu.

Haya yote hayamaanishi kwamba ongezeko ni kiini macho. Nchini Denmark, ambako kila raia ana nambari inayomfuata katika rekodi zote za matibabu, utafiti uliowahusisha watu milioni 3.5 na kuchapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba uwezekano wa mtu kupata mpapatiko wa moyo maishani mwake ulipanda kutoka asilimia 24.2 katika kipindi cha 2000 hadi 2010, na kufikia asilimia 30.9 katika kipindi cha 2011 hadi 2022. Kutoka mtu mmoja kati ya wanne hadi karibu mmoja kati ya watatu si jambo dogo. Lakini hata hapo ni vigumu kutenganisha ugonjwa ulioongezeka na ugonjwa uliofichuliwa.

Idadi iliposhuka ghafla

Nchi iyo hiyo ya Denmark ilitoa funzo jingine, safari hii kwa njia ya kinyume. Mnamo Machi 2020, serikali ilipofunga shughuli za umma kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, idadi ya watu waliogunduliwa kuwa na mpapatiko wa moyo iliporomoka. Katika wiki tatu za kwanza waligunduliwa 562. Katika wiki hizo hizo za 2019, walikuwa 1,053.

Je, mioyo ya Wadenmark ilikuwa imepona kwa agizo la serikali? La hasha. Watu waliogopa kwenda hospitalini, au hawakutaka kuwasumbua madaktari walioelemewa na kazi. Na miongoni mwa wale wachache waliogunduliwa wakati wa kufungwa kwa nchi, sehemu ya waliopata kiharusi au kufariki ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Ugonjwa ulikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuuona.

Hali ambayo Denmark iliishuhudia kwa wiki tatu, sehemu kubwa ya Afrika huishi nayo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana funzo hilo linatuhusu.

Hali ilivyo hapa kwetu

Mojawapo ya tafiti chache zilizochapishwa kuhusu ugonjwa huu humu nchini ilifanywa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kwa kutumia rekodi za kuanzia 2008 hadi 2010. Wagonjwa 162 walichunguzwa. Walikuwa takriban 7 kwa kila wagonjwa 1,000 waliolazwa. Asilimia 68 walikuwa na shinikizo la damu, na thuluthi moja walikuwa na kisukari. Lililo zito zaidi ni kwamba asilimia 15 walijulikana kuwa na mpapatiko wa moyo baada ya bonge la damu kuwa tayari limeziba mshipa. Kwao, onyo na janga vilifika siku moja.

Ikumbukwe kwamba hiyo ni hospitali ya kibinafsi iliyoko jijini, yenye mashine na wataalamu wa moyo. Mgonjwa wa huko si kielelezo cha mkulima au mfugaji ambaye kituo cha afya kilicho karibu naye hakina ECG. Mtu wa namna hiyo akipatwa na kiharusi, rekodi itasema kiharusi. Akivimba miguu na kukosa pumzi, itasema moyo umeshindwa. Akifia nyumbani, huenda majirani wakasema ni presha. Kilichoanzisha yote hakitaandikwa popote, na kisichoandikwa hakihesabiwi.

Kuna ushahidi kwamba ugonjwa wenyewe pia ni adimu zaidi miongoni mwa wazee wa kwetu kuliko wa Ulaya. Watafiti waliowapima zaidi ya watu 2,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2012, walikuta kwamba wenye mpapatiko wa moyo hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Hata hivyo, kipimo kimoja cha ECG hakimnasi mtu ambaye mpapatiko wake huja na kutoweka. Vilevile, kipimo hicho huwakuta walio hai tu. Ikiwa wenye ugonjwa hufariki mapema, watakaopimwa watakuwa wachache.

Na kweli, hufariki mapema. Utafiti wa kimataifa uliowahusisha wagonjwa wapatao 15,400 waliofika katika vitengo vya dharura vya hospitali za nchi 47 ulibaini kwamba wagonjwa wa Afrika, India na Mashariki ya Kati walikuwa wachanga kwa miaka 10 hadi 12 kuliko wa kwingineko. Matokeo ya ufuatiliaji yalipochapishwa mwaka wa 2016, ilibainika kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila watano wa Afrika alikuwa amefariki katika muda wa mwaka mmoja. Katika Amerika ya Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia, alikuwa mmoja kati ya kumi.

Koo la mtoto, moyo wa mama

Kwa nini mgonjwa wa kwetu awe mdogo kwa umri? Sehemu ya jibu imo katika utafiti huo huo. Miongoni mwa wagonjwa wa Amerika ya Kaskazini, asilimia 2.2 pekee walikuwa na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Miongoni mwa wale wa Afrika, ilikuwa asilimia 21.5.

Homa ya rumatiki huanzia kooni. Mtoto huambukizwa bakteria aina ya streptokoka, akaumwa na koo kwa siku chache, kisha akapona. Wiki chache baadaye, kinga ya mwili wake, ikidhani bado inapigana na adui, huanza kuishambulia mioyo, viungo na sehemu nyingine za mwili wake mwenyewe. Mashambulizi hayo yakirudiarudia, vali za moyo hukakamaa au huvuja. Damu hurundikana katika chumba cha juu cha kushoto, chumba hutanuka, na chumba kilichotanuka hatimaye hupapatika.

Ugonjwa huu ni wa umaskini: wa nyumba zilizosongamana na zahanati zisizo na dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 kuhusu wagonjwa 3,343 kutoka nchi 14, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na kwamba takriban thuluthi mbili walikuwa wa kike. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa tayari na mpapatiko wa moyo.

Kwa hivyo, ilhali mgonjwa wa Boston au Copenhagen aghalabu ni mzee aliyestaafu, mgonjwa wa kwetu anaweza kuwa mama wa watoto wawili ambaye bado analima, anachuuza sokoni au anafundisha. Akipooza yeye, nyumba nzima huyumba.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba linazuilika. Koo la mtoto lililoambukizwa bakteria hii hutibiwa kwa penisilini, dawa ya bei nafuu iliyojulikana kwa miongo mingi. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huweza kukingwa asishambuliwe tena kwa kudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mnamo Mei 2018, Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zikabiliane na ugonjwa huu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni koo, na ukuta ni upasuaji wa vali, ambao familia nyingi haziwezi kuumudu.

Dawa na mizani yake

Aliyekwisha kupata mpapatiko wa moyo hajafikia mwisho wa njia. Kwa walio katika hatari, dawa za kuzuia damu isigande hupunguza uwezekano wa kiharusi kwa takriban thuluthi mbili. Kongwe miongoni mwazo ni warfarini, iliyoidhinishwa kutumiwa na binadamu nchini Marekani mwaka wa 1954. Bei yake ni nafuu, lakini masharti yake ni magumu. Ikiwa kidogo, damu huganda. Ikizidi, mtu huvuja damu. Baadhi ya vyakula na dawa nyingine huibadilisha nguvu. Kwa sababu hiyo, mgonjwa hupaswa kupimwa damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR, na dozi yake kurekebishwa. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anahitaji ushauri wa daktari mapema, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Masharti hayo ndiyo huwashinda wengi. Hata katika utafiti wa Aga Khan, ni karibu nusu tu ya waliokuwa wakitumia dawa hiyo ambao damu yao ilikuwa katika kiwango kinachotakiwa. Mtu anayelazimika kusafiri nusu siku ili kupimwa INR ana sababu nyingi za kutorudi.

Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, na mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Wengi walitarajia kwamba hizo ndizo zingekuwa mkombozi wa wagonjwa wa vali pia. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022, uliowashirikisha wagonjwa wapatao 4,500 wa moyo wa rumatiki katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha vingine: waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa mgonjwa mzee asiye na kasoro ya vali, dawa mpya zinafaa. Kwa yule kijana wa vali zilizokakamaa, warfarini na kipimo chake bado hazina mbadala. Matokeo hayo hayangepatikana Ulaya wala Marekani, kwa sababu wagonjwa hao ni wachache mno huko. Asiyehesabiwa hafanyiwi utafiti, na asiyefanyiwa utafiti hutibiwa kwa kukisia.

Aidha, ieleweke kwamba tembe ya aspirini, ambayo wengi huimeza wakidhani inawakinga, haiwezi kuchukua nafasi ya dawa hizi kwa mwenye mpapatiko wa moyo.

Tufanye nini?

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kati yao, takriban milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, na kundi hilo linaendelea kukua. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu lililozidi kiwango, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maana yake ni kwamba Kenya inaelekea kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: mpapatiko wa uzeeni kama wa Ulaya, na ule wa ujanani unaotokana na homa ya rumatiki.

Jambo la kwanza halihitaji fedha. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na usikilize mapigo kwa nusu dakika. Usihesabu tu kasi, sikiliza mfuatano. Mapigo yanayofuatana sawasawa ni dalili njema. Yakija ovyo ovyo, bila mpango unaoweza kuutabiri, nenda ukapimwe ECG. Muuguzi anayempima mzee shinikizo la damu anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja. Hili ni muhimu zaidi kwa sababu mashine nyingi za kielektroniki huonyesha idadi ya mapigo bila kumlazimu anayepima kuugusa mshipa.

La pili linazihusu kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia hospitali nyingi za umma. ECG na kipimo cha INR vinapaswa kupatikana karibu na wananchi, wala si katika hospitali kuu za rufaa pekee. La tatu linawahusu wazazi na walimu: koo la mtoto linaloambatana na homa lisipuuzwe.

La nne linaihusu kalamu ya daktari. Kila anayelazwa kwa kiharusi apimwe ECG, na matokeo yaandikwe, hata yanapokuwa ugonjwa wa pili au wa tatu katika orodha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya hazina ya NHIF katika kugharimia matibabu. Mamlaka hiyo, kama mlipaji mwingine yeyote, hutenga fedha kwa kuzingatia kilichoandikwa. Ugonjwa usio na nambari hauna bajeti.

Tukifanya hayo, idadi ya Wakenya wanaolazwa kwa mpapatiko wa moyo itapanda, na huenda ikapanda kwa kasi. Vichwa vya habari vitasema maradhi yameongezeka. Siku hiyo msomaji asishtuke upesi, bali aulize maswali mawili: je, waliolazwa walifika kabla ya kiharusi au baada yake? Na je, viharusi vimepungua? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayotujulisha iwapo tunauguza watu wengi zaidi, au tumeanza tu kuwaona wale waliokuwepo siku zote. Hadi wakati huo, utulivu wa daftari zetu usitufariji. Kimya kingi kina mshindo mkuu.